Ajiko Amekwenda kwa Zulaika

Ndoto ilimwendea Zulaika. Hilo ndilo lililomuuma Gaudencia, wala si kingine.

Habari aliipata sokoni Busia, akiwa ameinamia ungo wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akipima na kupiga domo kwa wakati mmoja.

"Umesikia, mama? Ajiko ameanza kutembea. Amemwendea Zulaika, yule wa vitenge. Amesimama dukani kwake, viatu mkononi, akamwambia ampishe akae. Na huyo Fahad wa Zulaika si mke wake amejifungua msichana juzi? Basi jina limepata mwenyewe."

"Ajiko gani?" Gaudencia akauliza, ingawa alijua.

"Kwani kuna wangapi? Ajiko mwenyewe. Ajiko wa vitambulisho."

Gaudencia akazirudisha kwenye ungo omena zote alizokuwa amechagua, akaondoka. Yule mwanamke akabaki na kopo hewani, asijue kwamba alikuwa akizungumza na mtoto wa marehemu.

Watu wa mpaka huu, wawe Wateso wa Malaba, Wakhayo wa Mundika au Wasamia wa Sigalame, wanabishana kwa mengi, lakini kwa hili wanasikizana: mtu mkubwa akifa hakai kimya. Atangoja mtoto azaliwe, kisha atamwendea mtu usingizini, aombe kiti, au maji, au pahali pa kulaza ubavu. Aliyeota anajua kwamba jina linataka kurudi. Watoto wengine wanaweza kuitwa vivyo hivyo baadaye, hakuna anayekataza, lakini wa kwanza ndiye mwenyewe. Huyo wa kwanza huamkiwa kama marehemu alivyoamkiwa. Watoto wa marehemu watamwita mama, hata kama bado hajui kushika shingo yake, na wajukuu watamwita nyanya, na akilia mbele yao wataulizana wamemkosea nini.

Na Ajiko hakuwa jina la kuokotwa. Mpaka huu ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kulima hapa hata mche mmoja wa mtama. Ulipita katikati ya shamba la baba yake Ajiko kule Malaba, mahindi yakabaki Kenya, ng'ombe wakaamkia Uganda. Sawa, hao walikuwa wageni. Lakini walipoondoka, wajukuu wa wale wale waliokatwa vipande wakapewa viti na meza na mihuri, wakaanza kuwauliza wenzao: wewe ni mtu wa wapi? Ajiko alikuwa msichana mdogo askari mmoja alipomwaga mayai yake pale kivukoni, akamwambia ayalambe kama anayapenda sana. Hakuyalamba. Alirudi kesho yake na wanawake wote wa mayai, wakakaa barabarani, malori yakasimama mpaka jioni. Hilo halifundishwi shuleni. Linakumbukwa na walioketi pale, na walioketi pale wanaisha.

Kutoka kwa mayai alikwenda kwa wale wanaume wasio na miguu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, waliokuwa wakipigwa na kunyang'anywa sukari. Kutoka hapo akaingia kwenye vitambulisho, na huko hakutoka mpaka alipokufa. Mteso aliambiwa arudi Tororo, ng'ambo ya Uganda. Mwislamu wa Busia, aliyezaliwa nyuma ya soko na kuzikiwa wazazi wake papo hapo, aliambiwa alete makaratasi ya babu yake, akiyaleta anaambiwa alete ya baba wa babu. Kila Alhamisi Ajiko alikaa kwenye benchi la ofisi hiyo na mtu mmoja aliyekataliwa, hasemi kitu, amekaa tu, amevua viatu, mpaka mwenye muhuri achoke kumwona.

Mkubwa kweli. Sasa muulize Gaudencia ilikuwaje kuwa mtoto wa mtu mkubwa hivyo.

Alikuwa mzaliwa wa kwanza, na maisha yake yote alimpata mama yake baada ya watu wengine kumtumia. Alimpata akiwa amechoka, sauti imemkauka, akiuliza kama kuna chai na kusinzia kabla ya kuinywa. Siku ya harusi ya Gaudencia, kanisani Sigalame, Ajiko aliingia pete ikiwa tayari kidoleni. Viatu mkononi, matope hadi magotini, na pembeni yake kisichana kimejifunga ushungi kinacheka. Hicho kisichana ndicho Zulaika. Walikuwa wametoka kumtoa mtu seli.

Halafu kuna hadithi ambayo mji mzima wa Busia unaipenda. Zulaika alikataliwa kitambulisho mpaka akawa mtu mzima asiye na kitambulisho. Ajiko akaenda naye. Afisa akauliza, "Huyu ni nani wako?" Ajiko akajibu, "Ni mwanangu." Afisa akacheka. "Mteso amezaaje Mwislamu?" Ajiko akamwambia, "Njoo nyumbani nikuonyeshe, lakini mwambie mke wako kwanza." Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Zulaika, hatimaye, akaandikwa. Watu walimsimulia Gaudencia hadithi hiyo kama zawadi, wakimpigapiga begani. Kila mara alicheka nao. Kila mara alisikia maneno mawili tu: ni mwanangu.

Siku ya mazishi, mwaka jana, Mundika, alikoolewa Ajiko, ilijaa fulana zenye sura yake. Kila aliyeshika kipaza sauti alianza na "mama yangu". Mukhwana, yule mwenyekiti wa watu wa baiskeli za magurudumu matatu, alilia mpaka akashindwa kuongea, na waombolezaji wakampigia makofi. Gaudencia alipopanda kuzungumza, mwenye programu alimnong'oneza afupishe, kwa sababu wageni wa kutoka mbali walikuwa bado.

Kwa hiyo alijiwekea kitu kimoja. Mke wa mwanawe Oyugi alikuwa mjamzito. Jina la kwanza walishatoa upande wa mzee Paulinus, mumewe, na hili la pili lilikuwa la upande wake. Angalau jina lingekuja kwake. Mtoto alizaliwa, msichana, mzima, kichwa kizuri. Gaudencia akaanza kungoja ndoto.

Alilala na kitambaa cha kichwa cha mama yake chini ya mto. Alikula ugali mwingi usiku, kwa sababu watu husema shibe huleta ndoto. Akaota mbuzi. Akaota amekwenda kusaga na mashine imeharibika.

"Labda anakuogopa," Paulinus alimwambia asubuhi moja, akipiga mswaki.

"Aniogope mimi? Aliwacheka askari wenye bunduki aniogope mimi?"

"Askari hawakuwa wanamdai kitu."

Hakumsemesha mpaka chakula cha jioni.

Sasa, kutoka sokoni, miguu yenyewe ilimpeleka kwa Zulaika. Duka lilikuwa limebandikwa vitenge kutoka dari hadi sakafu, na Zulaika alikuwa akimkatia mteja Mganda, mkasi ukilia. Alimwona Gaudencia, akamalizia kukata haraka, akatoka nyuma ya meza na mikono wazi.

"Dada yangu. Nilikuwa nakuja kwako kesho. Wallahi nilikuwa nakuja."

"Nimeokoa nauli yako. Nasikia ulipata mgeni, Mama Fahad."

Zulaika akaacha mikono ishuke. "Kumbe wamekwambia. Nilitaka usikie kutoka kwa mdomo wangu."

"Basi sema. Mdomo si huo?"

"Alisimama pale ulipo. Viatu mkononi, unavyomjua. Akaangalia vitenge, akasema hivi rangi yake itatoka. Halafu akaniambia, nipishe nikae. Nikampisha. Akakaa, akashusha pumzi ile yake ndefu. Nikaamka."

Gaudencia alijua ile pumzi. Aliijua kabla Zulaika hajazaliwa. Kusikia ikielezwa na mtu mwingine kulikuwa kama kukuta nguo yako imevaliwa na jirani, na imemkaa vizuri.

"Nyinyi si hamuamini hayo mambo?"

"Mimi siamini. Lakini yeye hakuniuliza kama naamini." Zulaika alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Jumapili ni akika ya mtoto. Sheikh atasoma dua, atapewa jina la Fazila. Lakini nyumbani nataka aitwe Ajiko. Ndiyo nilikuwa nakuja kukuuliza."

"Kuniuliza au kuniambia?"

"Kukuuliza, dada."

"Mimi pia nina mtoto nyumbani," Gaudencia alisema. "Na kwetu jina haliachwi liende kwa watu kabla ya mwenyewe kulala nyumbani. Jumamosi tunamwita. Jumapili wewe utachinja mbuzi wako, umwite Fazila, jina zuri tu, linatosha."

"Kwani na wewe uliota?"

Mteja Mganda alikuwa bado anakunja kitenge chake polepole sana, masikio nje. Gaudencia aliangalia sakafu, mahali pale ambapo mama yake alisimama.

"Tutaonana," alisema.

*

Mama yake mdogo Adeke, ndugu yake Ajiko, ndiye aliyebaki anayejua kuita jina kwa Kiteso. Wanaita hivi: mwenye kuita anachovya kidole kwenye ajono, pombe ile ya wimbi, anakitia mdomoni mwa mtoto na kutaja jina la marehemu. Mtoto akikitema kidole, huyo siye, jina lingine litajwe. Akikinyonya, basi, mgeni ameingia. Gaudencia alimtumia Adeke ujumbe aje asubuhi na mapema. Paulinus hakuwa na neno, maadamu chungu cha ajono kingebaki baada ya sherehe.

Na hapo ndipo Gaudencia alipopata akili yake mbaya. Mtoto aliyeshiba hutema kidole. Mtoto mwenye njaa atanyonya hata fundo la shuka. Kulipopambazuka Jumamosi alimwita Mourine, mkewe Oyugi, akamwambia asimpe mtoto ziwa mpaka Adeke afike.

"Ni desturi?" Mourine aliuliza.

"Ni desturi."

Adeke hakufika asubuhi. Malori yalikuwa yamefunga barabara ya Malaba, yamejipanga kwa safu mbili huku madereva wakipika chai chini ya matela, na pikipiki iliyombeba ilibidi ipite kwenye mashamba ya watu. Jua lilipanda. Mtoto alianza kwa kulalamika, akaingia kwenye kulia, kisha akalia kile kilio cha kukatika pumzi ambacho huwafanya majirani watoke nje.

"Mama, mtoto analia," Mourine alisema. Kifua cha blauzi yake kilikuwa kimelowa.

"Acha alie. Anaita jina lake."

"Anaita ziwa."

"Mourine."

"Nasema tu, mama."

Wanawake wa boma walikuwa wameshakaa kwenye mkeka, wametazamana kwa pembe za macho. Hatimaye pikipiki ikaingia, na Adeke akashuka, mwembamba kama mwiko, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuomba hata maji. Alikaa, akapokea mtoto mapajani, akachovya kidole.

"Njoo basi," alisema, akiangalia mlangoni kana kwamba kuna mtu kweli. "Nafula."

Mtoto alikidaka kidole kama ndama. Mashavu yakaingia ndani. Kilio kikakatika pale pale, na nyumba nzima ikasikia akivuta.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akaanza wimbo.

"Ngoja," Gaudencia alisema. "Ngojeni kwanza. Nyamazeni. Mama mdogo, bado hujamwita mama."

"Mtu akishaingia ndani unamwita nani mwingine?"

"Kwa nini umeanza na Nafula?"

Adeke alimtazama kama anayeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Ningeanza na nani? Nafula ni mama mkwe wa dada yangu. Ajiko aliolewa katika nyumba yake. Mke atapitaje mlangoni mbele ya mama mkwe? Hata huko aliko angenizaba kofi."

Gaudencia alijua hayo. Kila mtu alijua. Alikuwa amepanga njaa, amepanga chungu, amempanga Mourine, na hakukumbuka kwamba marehemu nao wana utaratibu wao mlangoni.

"Jaribu tena," alisema.

"Nijaribu tena? Kwani hii ni kura, ihesabiwe mara ya pili?"

Wanawake wakacheka. Adeke alijaribu kuvuta kidole chake. Mtoto hakukiachia. Akamwinua, akamgeuza, akamwangalia Mourine na blauzi yake iliyolowa, akarudi kwa Gaudencia.

"Huyu mtoto hajanyonya leo."

Wanawake wakageuka kumwangalia Gaudencia.

"Mama alisema ni desturi," Mourine alisema, akiuangalia mkeka.

Adeke alimkabidhi mtoto wake, na kabla Mourine hajafungua vifungo vyote, yule kizee alikuwa amekwisha kuanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Gaudencia. Ulitaka kumnasa dada yangu kwa njaa. Polisi walijaribu hiyo, wakashindwa."

Kicheko kilizunguka mkeka mzima, na Paulinus, pale nje kwenye kiti chake, alikohoa kikohozi cha mtu anayeficha kitu. Gaudencia aliinuka akaenda nyuma ya jikoni, akasimama kati ya kuni na banda la kuku.

Adeke alimfuata na kata ya ajono mkononi.

"Umekasirika kwamba umempata Nafula."

"Sijakasirikia Nafula."

"Nani alikulea? Ajiko alikuwa seli, Ajiko alikuwa Nairobi, Ajiko alikuwa kwenye benchi. Ulikuwa unalala kitanda cha nani?"

"Cha kukhu Nafula."

"Uji wako alikuwa anauficha chini ya kitanda hicho, kwa sababu wageni wa mama yako walikuwa wanamaliza kila kitu. Wale watu wote wa mikutano, wenye shida za kitambulisho, nani alikuwa anawapikia? Kuna fulana ya Nafula umewahi kuiona?"

Hakuna. Hata kaburi lake pale Mundika lilikuwa limekanyagwa na wageni wakati wa mazishi ya Ajiko, walipokuwa wakisukumana kupiga picha. Gaudencia aliona yote hayo ni kweli, na ukweli huo haukumsaidia hata kidogo. Alimpenda bibi yake kama mtu anavyopenda ukuta wa nyumba. Lakini usiku, akiwa amelala kwenye mgongo wa Nafula, masikio yake yalikuwa barabarani, kwa yule asiyekuja.

"Kesho nakwenda kwa Zulaika," Adeke alisema. "Wewe unakwenda?"

"Nikafanye nini?"

"Ukakae. Kukaa ndiyo kazi ya ukoo wetu."

*

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kwa sababu kizee hawezi kuachwa peke yake mjini, na Adeke hakubisha.

Nyumba ya Zulaika iko nyuma ya duka. Uani turubai lilikuwa limetandazwa, pilau ikitoa mvuke, na watu walikuwa wengi kuliko wanaoalikwa akika. Kulikuwa na Waislamu wa msikitini na ndugu zao. Lakini pia walikuwepo wanawake wa mayai kutoka Malaba, wauza samaki waliokuja toka Rukala na harufu yao, na Mukhwana juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, amevaa ile fulana ya mazishi. Dua ilisomwa, mtoto akaitwa Fazila, watu wakaitikia amina.

Kisha Zulaika akasimama.

"Huyu kwa dua ni Fazila. Mungu amhifadhi. Kwa nyumba hii na kwa mji huu, nataka awe Ajiko."

Kaka yake mkubwa, Abdulnoor, mwenye malori, aliweka kikombe chini. "Zulaika, si tuliongea? Jina la Kiteso kwa mtoto wetu. Sisi wenyewe tukienda ofisini tunasumbuliwa na majina yetu haya haya. Siku ya kitambulisho utamtesa huyu mtoto."

"Hiyo siku ndiyo naingoja, kaka."

"Unaingoja aje?"

"Ataingia pale, atasema anaitwa Fazila Ajiko. Yule wa muhuri atamwangalia. Amrudishe Tororo na Wateso, au amwambie alete babu yake kama sisi? Atakosa gunia la kumtia. Wacha ajikune kichwa mpaka nywele zitoke. Mama alikaa kwa lile benchi miaka mingapi ili mimi niandikwe? Huyu asikae. Jina lenyewe libishane nao, yeye ale maandazi."

Uani pakalipuka kicheko. Mukhwana alipiga kengele ya baiskeli yake. Abdulnoor alitikisa kichwa, lakini hata yeye alikuwa anajizuia kutabasamu.

Gaudencia hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na ukuta na maneno yale yalimwingia taratibu, kama maji baridi kwenye kiatu. Maana lile lilikuwa neno la mama yake. Ule ukorofi, ule wa kumtia adui kichwani kitu kisichotoka, ulikuwa wa mama yake kabisa, na mdomo uliousema haukuwa wa Gaudencia. Miezi hii yote yeye alilitaka jina ili alitunze, alifungie ndani, awe nalo peke yake jikoni Sigalame. Zulaika alilitaka ili lifanye kazi. Sasa, ungekuwa wewe ni Ajiko, ungekwenda kwa nani? Swali hilo alijiuliza mwenyewe, na jibu lake lilimfanya amchukie Zulaika zaidi kuliko asubuhi.

Na hapo Zulaika akaja moja kwa moja kwake, mtoto mikononi, watu wakimpisha. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Dada Gaudencia. Mama mdogo Adeke ameniambia kwamba jina halikai mpaka mtoto wa tumbo amwite. Mimi aliniita mwanawe mbele ya afisa, nikapata kitambulisho. Lakini tumbo ni la kwako. Nimemleta umwite. Ukikataa, atabaki Fazila, na sitakulaumu. Nitawapa watu pilau waende nyumbani."

Mtu alizima redio ya jirani. Adeke alikuwa ameangalia pembeni, anajifanya anafunga kanga.

Gaudencia alikuwa na kitu mkononi kwa mara ya kwanza. Angeweza kufunga mdomo tu, basi. Kufunga mdomo hakuhitaji nguvu. Ajiko angebaki kuzunguka, viatu mkononi, mpaka achoke, mpaka usiku mmoja asukume mlango wa Sigalame kwa kukosa pengine pa kwenda. Angekuja hivyo, kama alivyokuja siku zote, baada ya wengine. Gaudencia aliuona usiku huo kabisa, akaona pia kwamba angempokea.

Halafu aliinua macho, akawaona wengine. Mukhwana alikuwa ameshasogeza baiskeli yake mbele, mikono iko tayari. Wanawake wa mayai walikuwa wamejipanga, mmoja nyuma ya mwenzake, mikono wameifuta kwenye nguo. Hawa wangemwita tu. Desturi au si desturi, angenyamaza yeye wangemwita wao, mama, mama, mama, kila mmoja kwa zamu yake, na yeye angekaa pale ukutani akisikiliza, kama siku ya mazishi, ila sasa mama akiwa hai tena.

Alinyoosha mikono akamchukua mtoto. Alikuwa mwepesi, moto kidogo, na nywele nyingi zilizolala upande mmoja. Alifungua jicho moja, likamtazama Gaudencia bila haraka, kama mtu ambaye ana watu wengi wa kuonana nao na ameamua kuanza na huyu.

"Mama," Gaudencia alisema.

Lilitoka dogo kuliko alivyokusudia. Lakini walilisikia, kwa sababu vigelegele vilianzia kwa wanawake wa mayai vikapanda hadi barabarani, na sheikh mwenyewe alitabasamu ndani ya ndevu. Zulaika alilia waziwazi, bado amepiga magoti. Gaudencia alimwona analia na wivu haukupungua hata chembe. Ulikuwa pale pale. Ila sasa mikono yake ilikuwa imejaa.

Mukhwana alikuwa wa kwanza kufika. Alisimamisha baiskeli kando ya kiti, akanyoosha mikono yake mikubwa ya kusukuma magurudumu.

"Dada, nipe na mimi nimsalimie mama."

"Ngoja."

Alingoja. Nyuma yake wanawake wa mayai waliongezeka, na nyuma yao wauza samaki, na watoto wakapenya kati ya miguu.

"Dada Gaudencia," mmoja alisema, "tuko wengi, na wengine tunarudi Malaba."

"Nimesema mngoje."

"Tumshike kidogo tu."

"Nyinyi mmemshika miaka yote," Gaudencia alisema. "Kuleni pilau kwanza."

Akageuza kiti ukutani, akawapa wote mgongo, akamfunika mtoto kwa bega lake ili asiwepo mwingine wa kumwona uso.